Muulize Mwenyewe: Neno kwa Vijana Wanaosomea Utabibu na Uuguzi



Vijana wenzangu, salamu kutoka Tunduma, huku mpakani ambako malori hayalali. Leo naomba niongee zaidi na kundi moja: ninyi mnaosomea utabibu, uuguzi, ukunga, maabara na famasia. Mko wengi siku hizi. Kutoka Tunduma, Vwawa, Mlowo, Ileje, Momba na Mkwajuni, wapo waliokwenda Mbeya, wapo waliofika Bugando, Ifakara, Muhimbili na KCMC. Mkirudi likizo mnaitwa "daktari" hata kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, na mama mdogo anakuja na cheti cha vipimo umsomee. Ni heshima kubwa hiyo. Ndiyo maana nataka tuulizane: tunaipokeaje?

Na wewe usiyesomea afya usiondoke. Wagonjwa wako nyumbani pia.

Tufungue Injili ya Yohane, sura ya 9. Ile ndefu inayosomwa Dominika ya 4 ya Kwaresima, Mwaka A, ambayo baadhi yetu tunaanza kuegemea nguzo kabla padre hajafika katikati. Safari hii tuisome taratibu.

Wanafunzi waliomzunguka mtu

Yesu anapita njiani, anamwona mtu asiyeona tangu kuzaliwa. Wanafunzi wake nao wanamwona. Mara moja wanamgeukia Mwalimu na swali: kosa la nani hili, lake au la wazazi wake?

Hebu jiweke pale. Yule mtu haoni, lakini masikio anayo. Anasikia kila neno. Wanajadili kuzaliwa kwake, wanajadili dhambi za mama yake, na yeye amekaa hapo hapo miguuni pao. Hakuna aliyemsalimia, wala aliyemuuliza jina. Kwao amekuwa swali la darasani.

Jamani, hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafunzi, na mwanafunzi kazi yake ni kuuliza. Kiswahili chetu kimetupa neno moja tu: wanafunzi wa Yesu ni wanafunzi, na wewe uliyevaa koti jeupe jipya, unayemfuata daktari bingwa kitanda kwa kitanda, ni mwanafunzi. Basi Injili hii ni yako kabisa.

Wewe unajua raundi ya asubuhi ilivyo. Mnafika kitandani watu kumi na wawili. Shuka linafunuliwa. Mwenzako ananong'ona, "Hii ni kesi nzuri." Mguu unanyanyuliwa, mgongo unaonyeshwa, mtoto mwenye kichwa kikubwa anageuzwa huku na huku. Maswali yanaulizwa kwa Kiingereza, majibu kwa Kiingereza. Mama wa mtoto anatazama midomo yenu, anajaribu kukisia kama habari ni njema au mbaya. Kisha shuka linarudishwa, au halirudishwi, mnahamia kitanda kinachofuata.

Ni kweli lazima mjifunze. Usipouona mgongo wazi leo, kesho kutwa ukiwa peke yako kwenye zahanati ya kijijini utamwokoaje mtoto? Kanisa halisemi usijifunze kwa wagonjwa. Swali ni moja: mtu yule, wakati unajifunza kwake, bado ni mtu mbele yako?

Kutazama kwa aina mbili

Sisi wa Songwe tuna kimondo chetu pale Ndolezi, Mbozi. Jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, tani zaidi ya kumi. Watu wanatoka mbali kulitazama. Wanalizunguka, wanaligusa, wanapiga nalo picha, wanaondoka. Hakuna ubaya. Kimondo hakina jina la mama yake, hakioni aibu, na hakikumbuki nani alikuja jana.

Lakini tunasema pia, "Naenda kumtazama mgonjwa." Hapo hatumaanishi macho. Unabeba uji au machungwa, unafika, unasalimia, unavuta kigoda, unauliza, "Umeamkaje leo?" Hata asiyeona anaweza kumtazama mgonjwa kwa namna hii.

Mtu mwenye ulemavu amezoea kutazamwa kama kimondo tangu utoto, njiani, kwenye daladala, hata kanisani. Akifika hospitali, mahali anapovua nguo na kusema siri zake, anastahili kule kutazamwa kwa pili. Na simu yako, kijana, ibaki mfukoni. Picha ya mtoto wa mtu kwenye kundi la WhatsApp la darasa, bila ruhusa ya mzazi, hata ukiandika "tumwombee", ni kumfanya kimondo.

Alivyofundisha Mwalimu

Yesu anawajibu wanafunzi: si huyu, wala si wazazi wake. Anaifunga kabisa ile kesi. Hili tulisikie vizuri, kwa sababu tunaingia chuoni tukiwa tumebeba maneno ya mtaani: amerogwa, ni laana ya ukoo, mama yake alivunja mwiko. Unaweza kupata alama A ya anatomia na bado ukaamini hayo moyoni. Nchi hii imeona ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za namna hiyo. Neno la Yesu linatosha: usimtafutie mtu dhambi kwenye mwili wake. Kisha Mwalimu anainama, anagusa udongo, anagusa macho ya yule mtu. Wanafunzi walikuwa wamesimama na swali. Yeye aliinama.

Tazama na wagonjwa wengine watatu wa Yesu, uone anavyofanya kazi.

Wa kwanza ni kiziwi wa Marko 7:31-37. Watu wanamleta, wanasema kwa niaba yake. Yesu anafanya nini? Anamtoa pembeni, mbali na umati. Hiyo ni faragha. Kisha anamwekea vidole masikioni, anamgusa ulimi, anatazama juu mbinguni. Kwa nini ishara zote hizo? Nami naona hivi: yule mtu hakuwa anasikia, na Yesu alitaka aelewe kinachofanyika. Aliongea naye kwa lugha ya mikono kabla ya kumponya. Hakungoja apone ndipo aanze kumheshimu.

Wa pili ni Bartimayo, Marko 10:46-52. Asiyeona, anapiga kelele kando ya njia, watu wanamnyamazisha. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, kisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Swali la ajabu! Kila mtu pale anajua anachotaka. Yesu naye anajua. Bado anamuuliza, kwa sababu ombi ni la Bartimayo, na mdomo wa kulisema ni wa Bartimayo.

Wa tatu ni mama wa Luka 13:10-17, aliyepinda mgongo miaka 18. Alikuwa ameshazoeleka kama "yule mama aliyepinda". Yesu anampa ukoo mbele ya watu wote: huyu ni binti wa Ibrahimu. Kesi imepata jina na kabila.

Faragha, swali, jina. Huo ndio mtaala wa Mwalimu wetu.

"Anasemaje huyu?"

Sasa turudi Yohane 9. Baada ya kupona, Mafarisayo wanawaita wazazi wa yule mtu wawahoji. Wazazi wanajibu: yeye ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe. Tukiri kwamba walisema hivyo kwa hofu, waliogopa kufukuzwa katika sinagogi. Lakini maneno yenyewe ni dhahabu. Ningependa yabandikwe mlangoni mwa kila chumba cha daktari.

Kwa nini? Kwa sababu kosa lililo la kawaida kuliko yote ni dogo, halina kelele, na linafanywa na watu wema. Anaingia dada kiziwi na shemeji yake. Mhudumu anamuuliza shemeji, "Anasumbuliwa na nini huyu?" Anaingia kaka asiyeona na mpwa wake wa darasa la tano. Dawa inaelekezwa kwa mpwa. Anaingia mwenye ulemavu wa akili, anaongelewa kama kiti.

Kwetu Tunduma fikiria mbele kidogo. Huu ni mji wa mpakani, Nakonde iko hapo ng'ambo, watu wanakuja na kupita. Yule dada kiziwi amekuja kupima virusi vya ukimwi. Majibu anaambiwa nani? Shemeji! Yaani siri ambayo mwingine yeyote angepewa ndani ya chumba, mlango umefungwa, yeye inamfikia nyumbani baada ya ukoo mzima kuijua. Au haimfikii kabisa. Anapewa vidonge na hajui ni vya nini. Vijana, hapo hatuongelei tena adabu. Hapo kuna maisha ya mtu. Kama anajua kusoma, kalamu na karatasi vingetosha. Kama anatumia lugha ya alama, atafutwe mkalimani anayemwamini yeye, si anayemwamini shemeji.

Au mama mjamzito anayetembelea kiti cha magurudumu. Mizani ya kliniki ni ya kusimama, kwa hiyo uzito hakupimwa. Kitanda cha kupimia kiko juu, kwa hiyo tumbo halikupimwa vizuri. Na juu ya hayo mtu anatania, "Hivi na wewe? Nani huyo kakupa?" Wanaongoja nje wanacheka. Unadhani atarudi kliniki? Na asiporudi, siku ya uchungu unadhani itakuwaje?

Au mtoto mwenye mtindio wa ubongo analia usiku kucha. Anatazamwa dakika moja: "Ndivyo walivyo hawa." Kumbe sikio limejaa usaha. Ulemavu ukijaza macho yako, ugonjwa unapita pembeni huuoni. Kumheshimu mtu ni sehemu ya kumtibu vizuri.

Hata majina, uliza. Maneno yetu kipofu, kiziwi, kiwete yako kwenye ngeli moja na kiti na kijiko. Ndiyo maana wengi husema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Lakini viziwi wa nchi yetu wameunda chama chao wakakiita wenyewe CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Neno hilo ni lao, hawalionei haya. Umeona? Huwezi kukisia. Muulize mwenyewe anapenda aitweje.

Wakati madaktari hawakuuliza

Mtu atasema, "Ndugu, unakuza mambo. Kumwongelea mtu juu ya kichwa chake si dhambi kubwa." Naomba twende Ujerumani kidogo, kwa sababu huko ulimwengu uliona njia hii inafika wapi.

Kuanzia mwaka 1940 hadi Agosti 1941, chini ya utawala wa Hitler, watu zaidi ya 70,000 wenye ulemavu na wagonjwa wa akili waliuawa kwa gesi. Waliochagua nani afe walikuwa madaktari, wasomi wenye vyeti. Walijaziwa fomu, wakazisoma mezani, wakaweka alama. Mgonjwa mwenyewe hawakumwona. Hawakumuuliza hata jina. Tarehe 3 Agosti 1941, Askofu Clemens August von Galen wa Münster alipanda mimbari akayasema hayo hadharani, na mahubiri yake yakanakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Mwezi huo huo Hitler aliagiza mpango ule usimamishwe, ingawa mauaji yaliendelea kwa siri. Askofu huyo leo ni Mwenye Heri.

Sisemi kwamba mwanafunzi anayesahau kusalimia ni muuaji. Hasha. Nasema tu kwamba fomu ikishachukua nafasi ya mtu, elimu peke yake haina breki.

Dunia ilijifunza kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataka wahudumu wa afya wampe mtu mwenye ulemavu huduma ya kiwango kile kile wanachopewa wengine, kwa ridhaa yake mwenyewe, na wafundishwe hivyo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wala si kundi dogo: Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Karibu mmoja kwa kila tisa. Na sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Zambia, tunaoujua Mlima Senjele na ajali zake, tunajua mtu anaweza kuamka na miguu miwili na jioni akalala na mmoja.

Mtakatifu wa wodini

Msiondoke na picha za madaktari wale wa Ujerumani. Chukueni ya huyu: Mtakatifu Yosefu Moscati wa Napoli, Italia. Daktari, mwalimu wa madaktari, mlei, alifariki mwaka 1927, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu mwaka 1987. Mwaka 1906, akiwa kijana wa miaka 25 tu, mlima Vesuvio ulilipuka. Karibu na mlima, mji wa Torre del Greco, kulikuwa na hospitali yenye wazee na waliopooza wengi. Moscati alikwenda akahimiza wote watolewe, akasaidia yeye mwenyewe kuwatoa, majivu yakiendelea kuanguka. Muda mfupi baada ya wa mwisho kutoka, paa likaporomoka.

Waliopooza, ambao wengine wangesema "tuwaache, tutoe wenye nguvu kwanza", kwake walikuwa wa kutolewa wote. Na wanafunzi wake baadaye walijifunza kwa mtu wa namna hiyo.

"Lakini mimi ni mwanafunzi tu"

Najua unachowaza. Foleni ni ndefu. Mkubwa wako ndiye anayeongea vibaya, na saini ya kitabu chako cha mazoezi iko mkononi mwake. Ukifungua mdomo utaonekana mjuaji.

Hofu hiyo ni ya kweli, hata wazazi wa yule mtu waliionja. Sikuambii umkosoe daktari mbele ya watu. Nakuambia yaliyo ndani ya uwezo wako. Shuka lililoachwa wazi, lirudishe wewe. Raundi ikisonga mbele, baki nusu dakika, mweleze mama kwa Kiswahili, au Kinyiha, au Kinyamwanga, yale uliyoruhusiwa kueleza. Unapopima, sema kabla ya kugusa: "Mama, naomba nikushike mguu." Kwa asiyeona, jitambulishe na umwambie unapoondoka, asije akaongea na ukuta. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, vuta kigoda ukae, muwe macho kwa macho, na usisukume kiti bila kuomba, kile ni kama miguu yake. Anayeongea kwa shida, mwache amalize sentensi yake. Na maneno yale matatu, "Shikamoo, jina lako?", hayajawahi kumchelewesha daktari yeyote.

Mwisho wa Yohane 9 ndio unaonifurahisha kuliko yote. Yule mtu aliyekuwa swali la darasani anageuka kuwa mwalimu. Anawajibu Mafarisayo hoja kwa hoja hadi wanaishiwa. Wanakasirika: mtu aliyezaliwa katika dhambi anataka kutufundisha sisi? Wanamfukuza. Na Yesu aliposikia wamemfukuza, anamtafuta mpaka anampata. Walioona hawakuona, na aliyekaa chini ndiye aliyeona mbali.

Basi kumbuka hili uwapo wodini. Mtu mwenye ulemavu ameishi na mwili ule miaka ishirini, wewe umeusoma wiki mbili. Anajua anavyonyanyuliwa bila kuumia. Anajua dawa gani ilimdhuru. Mwalimu yuko kitandani, na ada yake ni kusalimiwa tu.

La kufanya wiki hii, kwa ndugu zangu wa TYCS, TMCS, VIWAWA na wengine wote: mtafute mtu mmoja mwenye ulemavu parokiani kwako. Usimpelekee msaada. Kaa naye, muulize siku aliyohudumiwa vizuri hospitali ilikuwaje, na siku aliyohudumiwa vibaya ilikuwaje. Sikiliza mpaka mwisho. Kisha soma tena Yohane 9.

Tuombe.

Bwana Yesu, Mwalimu na Mganga wetu, uliinama chini tulipokuwa tumesimama na maswali. Wafundishe vijana wetu walioko vyuoni na wodini. Wape akili ya kujua ugonjwa na moyo wa kumjua mgonjwa. Wape ujasiri wa kufunika aliyeachwa wazi na kumsikiliza aliyezoea kusemewa. Wabariki ndugu zetu wenye ulemavu wa Songwe na wa nchi yote. Siku utakapokuja kwetu, umelala kitandani mwao, tusikupite bila kukusalimu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Moscati, utuombee.